Kumi bora, au matokeo bila kupanga shule?

Januari 2023, ikitangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, iliacha kutaja shule kumi bora. Wapo waliolalamika. Orodha ile ilisomeka haraka. Lakini ilipima nini? Shule ya bweni inayochuja watoto kwa usaili iliwekwa mizani moja na shule ya kata inayopokea kila aliyepangiwa, hata anayefika jasho likimtoka, hajanywa hata chai. Tena mtoto mzito darasani huambiwa arudie darasa au ahame, asije akashusha wastani. Hilo linaniuma sana.

Bila orodha, matokeo ya kila shule bado yapo mtandaoni. Kuyapitia kunachosha, ila unaona divisheni zote, yaani madaraja ya ufaulu, hadi sifuri, na unailinganisha shule na mwaka wake uliopita. Mimi niko upande huu.