Monopodi niliyouziwa Mwanza: mguu mzuri, kichwa kizuri, bushi ya hovyo

Duka silitaji. Liko katikati ya mji, si mbali na Makoroboi, na wanaonunua vifaa vya kamera Mwanza wataliotea. Ninachotaka mjue ni kimoja: kichwa cha monopodi hii (mguu mmoja wa kusimamishia kamera; kichwa ni kile kipande cha juu kinachobeba kamera na kuinama), kama walivyonifungia wao, kinajifungua chenyewe ukimfuata mtu anayekimbia kwenda kushoto. Sisemi kinalegea. Kinatoka.

Kilitoka uwanja wa Kirumba, kipindi cha pili, lenzi nzito ya milimita 70-200 ikiwa juu yake. Winga anatoka kulia kwangu anakimbilia kushoto, nami nageuka naye. Mara ya kwanza kilicheza kidogo, kama jino linalotaka kung'oka. Mara ya tatu mguu ulibaki umesimama peke yake kwenye nyasi, kamera na kichwa vyote vikaniponyoka. Kilichonusuru lenzi ni mkanda wa shingoni, kwa sababu ulikuwa umefungwa kwenye pete ya lenzi, ile inayoizunguka lenzi na kuishikiza kwenye kichwa. Lenzi nzito msiitundike kwa mkanda wa bodi ya kamera, na mkanda msiufunge kwenye mguu. Ungekuwa mguuni, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Sababu haina uchawi. Hesi (mistari ya skrubu) ya kamera hukaza kwa kulia na hufungua kwa kushoto. Ncha ya mguu ikishika ardhi nawe ukageuka kushoto, umekuwa spana: kila ukigeuka unafungua kidogo. Ukigeuka kulia unakaza. Dukani, kwenye sakafu ya vigae inayoteleza, ncha haishiki, ndiyo maana kila kitu kinaonekana kizima. Kuna monopodi zenye viskrubu vidogo vitatu chini ya kisahani cha juu. Unavikaza kwa kispana cha L, vinabana tako la kichwa kutokea chini, halizunguki tena. Hii haina hata kimoja.

Lakini hilo peke yake lisingeng'oa kichwa haraka namna ile. Tatizo ni bushi. Kichwa kina tundu la inchi 3/8, na mguu ulipotoka kwenye boksi ulionyesha skrubu ya inchi 1/4. Kijana wa dukani akatoa bushi, kipete cha aluminiamu cha kupunguza tundu, hesi ya 3/8 nje na ya 1/4 ndani, akaisokota kwa sarafu. Sarafu ni nyembamba kuliko mkato wa bushi, kwa hiyo ilicheza na kukwangua kingo zake zote mbili. Itazameni bushi yenu kwa karibu: kingo za mkato zikiwa zimelala na kung'aa, haijakazwa, imekwanguliwa tu. Hapo kichwa kinashikwa na maungio mawili ya hesi badala ya moja, na moja ni la chuma laini kisichofika mwisho. Bushi hiyo alinitoza elfu tano.

Nyumbani nikafungua kisahani cha juu. Ile skrubu ina ncha mbili. Ukiichomoa na kuigeuza chini juu, upande wa pili ni 3/8, saizi ileile ya kichwa. Bushi haikuhitajika kabisa! Kazi ya dakika mbili, ambayo muuzaji wa vifaa hivi alipaswa kuijua kabla ya kufungua duka.

Nikarudi kumwonyesha. Kijana wa rika la mwanangu, shikamoo hakutoa, mbele ya wateja wengine akaniambia: "Mzee, kupiga picha ni mkono, siyo stendi. Wewe ndiye hujui kukaza." Akaendelea na simu yake. Bushi nilimwekea mezani, hakuigusa.

Basi, anayetaka kukaza, afanye hivi. Geuza skrubu itoke ya 3/8. Futa hesi kwa spiriti iishe mafuta. Tia tone moja au mawili ya gundi ya kukazia nati, ile ya bluu, kisha kaza kwa nguvu ya mikono miwili na uache siku nzima. Ile nyekundu msitie, maana kuifungua mpaka upashe moto, na moto karibu na mguu wa kaboni ni hasara. Wako wanaozungushia tefloni ya mabomba. Tefloni inateleza; inaziba maji, haizuii hesi kuzunguka. Ukishamaliza, shika kichwa kwa mkono mmoja na mguu kwa mwingine, sokota kuelekea kushoto mara kumi kwa nguvu. Kikisogea hata kidogo, usikipandishie lenzi.

Nilikusudia kusema msinunue kabisa. Sasa nalazimika kusema ukweli: baada ya kugeuza skrubu, mguu huu haujanipa shida. Na kichwa ni cha aina inayofaa, cha tilti, kinachoinama mbele na nyuma tu. Wengi hudhani kichwa cha gololi ni bora kwa kuwa kinakwenda kila upande. Kwenye tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, sawa. Kwenye mguu mmoja, kuzunguka unazungusha mguu wenyewe na kulaza unalaza mguu, kinachobaki ni kuinua na kushusha. Ukilegeza gololi, lenzi nzito inaanguka ubavuni. Kwa picha ya wima unazungusha lenzi ndani ya pete yake. Lenzi isiyo na pete ndiyo itakuonea, hapo utahitaji bano la L kwenye bodi, linaloshika kamera ikiwa wima.

Angalieni na kibano kilicho juu ya kichwa: chake kilikuja kimeelekezwa kwa pleti inayofungwa chini ya bodi ya kamera. Kwa mguu mdogo ulio chini ya pete ya lenzi lazima ulegeze boliti moja iliyo katikati na ukigeuze nyuzi 90, la sivyo ukiinamisha, lenzi inalala ubavu badala ya kutazama juu. Hilo nalo hakulisema.

Kwa mazingira yetu ya ziwani: juu ya miamba ya Capri Point tumia ncha ya mpira, ya chuma inateleza kwenye jiwe kavu. Kwenye mtumbwi wa injini usikite mguu sakafuni, mtikisiko wote unapanda mpaka kwenye lenzi. Ukalishe juu ya kiatu chako. Ukisimama majini kupiga picha ndege kama mnandi na mdiria, vuta kwanza kile kipande chembamba cha chini mpaka mwisho, ili kufuli yake ibaki juu ya maji. Mchanga ukiingia kwenye kufuli za kusokota, utausikia unasaga. Fungua, chomoa bomba taratibu, maana kuna vipande viwili vya plastiki vinavyodondoka na lazima virudi vilevile, suuza kwa maji safi, kausha. Grisi kidogo kwenye hesi tu. Ikigusa plastiki, mguu unateleza na kuingia ndani ukiuegemea.

Kwa hiyo ni kifaa kizuri? Ndiyo. Niliandika nyota moja, nikapandisha nne, kisha nikakumbuka ile lenzi ikining'inia kwa mkanda na yule kijana na simu yake, nikashusha hadi mbili. Mbili ni za mguu na kichwa. Duka halina nyota. Ukienda kununua, muombe afungue kisahani mbele yako na akuonyeshe upande wa pili wa skrubu. Akianza kutafuta sarafu, rudisha hela yako mfukoni.