Una hela ya kuongezea IST nguvu? Soma hii kwanza kabla hujaenda gereji

Msimu wa kuuza tumbaku ukiisha, hakosi mtu wa kuniuliza swali lilelile. Ana IST, Vitz au Passo, kabakiwa na laki kadhaa, anataka gari "lichanganye". Kaona mtandaoni ekzosi yenye mdomo mpana, ea klina (chujio la hewa) ya koni, kidude cha kuchomeka chini ya dashibodi, na kila muuzaji anaapa gari litaruka. Nimechoka kujibu kipande kipande. Nimevipanga vyote kwa kuangalia shilingi inarudi vipi kwa mtu anayeishi Tabora. Wa Dar, lami mwanzo mwisho, apange ya kwake.

Kitu ambacho muuzaji hakwambii ni mahali tulipo. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo (feni ya kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. IST yenye injini ya 2NZ, cc 1,298, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 87. Hapa kwetu unaendesha farasi 77 hivi, na bado hujawasha AC wala kupakia mashemeji wanne na gunia la maembe. Ndiyo maana gari ulilolichukua bandarini likiwa jepesi linaonekana limezeeka ulipofika nalo Nzega. Haliumwi.

Namba moja: matairi

Hapa sibishani na mtu. Niliwahi kununua matairi manne ya mtumba, meno marefu, yanang'aa. Fundi tairi akanipigapiga begani: "Mzee, hizi ni mpya kabisa, Mjapani hazitumii." Desemba, mvua ya kwanza, natoka Sikonge, ng'ombe wakaamua kuvuka. Nilikanyaga breki, magurudumu yakasimama, gari likaendelea na safari yake. Nilikuja kutulia pua ikiwa mtaroni, na ng'ombe mmoja amesimama ananitazama kama mtu aliyechelewa kwenye kikao.

Jioni nikachuchumaa kusoma ubavu wa tairi. Baada ya herufi DOT kuna maandishi, na mwisho wake tarakimu nne. Yangu yalisomeka 2309: wiki ya 23 ya mwaka 2009. Meno yalikuwepo, lakini mpira ulishakuwa mgumu kama soli ya kiatu cha mgambo, na mpira mgumu haushiki lami yenye maji. Nikanunua mapya, saizi ileile ya 175/65R14, si ya jina kubwa. Gari likawa lingine. Linakata kona likiwa limetulia, linasimama mahali ninapotaka, na kelele za barabarani zimepungua.

Halafu usidanganywe na rimu kubwa. Ukitoka 175/65R14 kwenda 195/45R16, kimo cha gurudumu zima kinabaki karibu kilekile, ila ubavu wa tairi unashuka kutoka milimita 114 hadi 88. Hizo milimita 26 ndizo zilikuwa zinameza mashimo. Zikiondoka, shimo linamezwa na rimu, halafu shokapu, halafu mgongo wako. Na rimu kubwa kwa kawaida ni nzito, kwa hiyo gari uliyotaka lichanganye ndiyo kwanza linavuta miguu. Upepo nao ujaze kwa kufuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, siyo kwa kukadiria alichojaziwa mwenye Noah mbele yako.

Namba mbili: breki na shokapu

Shemeji yangu anakaa Kigoma na hushuka mara kwa mara kutoka Kasulu. Alilalamika kuwa pedali inakuwa kama sifongo akifika chini ya milima. Pedi zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa mafuta ya breki ambayo hayajawahi kubadilishwa tangu anunue gari. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu taratibu, na yakishashiba maji huchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unabonyea badala ya kusukuma pedi. Badilisha yote kila miaka miwili, siyo kuongezea juu. Kwa hela hiyo hakuna kitu kingine utakachofunga kwenye gari kikakusaidia kiasi hicho.

Shokapu: bonyeza kona ya boneti kwa uzito wako wote, achia. Ikipanda ikatulia, nzuri. Ikicheza ngoma, imekufa, hata kama haijavuja. Nunua mpya za bei ya kati, kwa jozi. Za mtumba zilizopakwa rangi nyeusi na kufutwa mafuta zinadumu hadi utakapovuka reli mara kumi.

Namba tatu: kurudisha nguvu iliyopotea

Plagi mpya, ea klina mpya ya karatasi, kusafisha throto (mlango wa hewa ya injini) na nozeli (za kupulizia petroli). Hapa huongezi farasi hata mmoja juu ya wale wa kiwandani, unawarudisha waliotoroka. Plagi za iridiamu zinadumu, mpaka kilomita 100,000 zikiwa halisi, lakini kama za zamani zilikuwa nzima hutasikia tofauti. Na angalia buti. Jamaa mmoja alikuwa analia gari zito, tukafungua tukakuta subwufa, jeki mbili, na mfuko wa saruji ulioshikana. Kilo hamsini na zaidi, anazunguka nazo kila siku.

Namba nne: spensa za kuinua gari

Nazikubali, kwa masharti. Ukitoka lami kuingia vijijini, IST inalamba mchanga. Inchi moja inatosha. Ukizidisha, ekseli zinakaa upande, siivi jointi (viungo vya ekseli) zinaanza kulia "ka-ka-ka" ukikata kona, na bushi zinakwisha kabla ya wakati. Ukiinua tu, nenda ukafanye alaimenti (kunyoosha magurudumu) siku hiyohiyo, la sivyo utakula yale matairi mapya ya namba moja. Ukiwa na hela ya kitu kimoja, nunua bati la kukinga sampo (karai la oili chini ya injini).

Za kuacha dukani

Ea klina ya koni: iko wazi ndani ya boneti, inavuta hewa ya moto ya injini, na zile za kupaka mafuta zinaweza kuchafua sensa ya hewa. Njoo nayo Septemba kwenye vumbi la Kaliua tuone.

Ekzosi kubwa: kelele. Na fundi akikwambia atakutolea bure lile dude la kuchujia moshi ili gari lipumue, ujue ndani yake kuna platinamu na paladiamu, na yeye ana mteja tayari. Wewe utabaki na taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi.

Kidude cha kuchomeka cha "kuongeza nguvu na kupunguza wese": nilipasua kimoja kwa bisibisi. Taa tatu za rangi na kibao kidogo cha umeme. Nyaya za kuongea na kontroli boksi (kompyuta ya injini) hazikuungwa popote.

Turbo: 2NZ imeundwa kwa mgandamizo wa 10.5 kwa 1, ambao tayari ni mkubwa. Ukiisukumia hewa zaidi bila kubadili pistoni, nozeli na programu ya kontroli boksi, itagonga hadi itoboke. Gharama ya kuifanya ipasavyo inakaribia bei ya gari.

Ukitaka nguvu kweli

Uza, ongezea, chukua IST yenye 1NZ, cc 1,496, farasi 109. Hata hewa ya Tabora ikikata fungu lake, unabaki na kama 96, zaidi ya walizopata wenye 2NZ wakiwa ufukweni. Kuhamisha injini tu inawezekana, mafundi wanafanya, lakini kadi ya gari inaonyesha namba ya injini na cc, kwa hiyo lazima ukabadilishe TRA, na siku ya ajali bima nayo itaiuliza hiyo kadi.

Unapokagua, usimwamini dalali anayesema "hii ni ile kubwa, bosi wangu". Fungua boneti, tafuta kibati kwenye ukuta nyuma ya injini. Kikiwa na NCP60 ni ile ndogo. NCP61 ndiyo unayoitafuta. NCP65 ni 1NZ pia, ila inavuta magurudumu yote manne.