Tahadhari: lenzi ya "1.4" inayouzwa Bagamoyo si 1.4

Wapiga picha wenzangu, ninaandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, kwa sababu mimi niliyekuwa nikiwacheka watu wanaouziwa kipande cha sabuni badala ya simu, nimemhesabia mtu shilingi 380,000 taslimu kwa mkono wangu mwenyewe.

Baada ya kubaki bila lenzi yangu kwa yaliyotokea ufukweni, nilikuwa natafuta nyingine ya milimita 50 yenye tundu kubwa, yaani uwazi wa kupitisha mwanga; namba yake ikiwa ndogo kama 1.4, tundu ni kubwa na vilivyo nyuma ya mtu hufifia zaidi. Jamaa mmoja muuza lenzi alinikuta barazani Mji Mkongwe wa Bagamoyo, akaitoa lenzi ndani ya soksi, akaifunga mwenyewe kwenye kamera yangu, kisha akaagiza kahawa. Kikombe kilipoletwa alikiinamia mpaka kioo cha lenzi kikakaribia kuguswa na mvuke, akapiga. Ukingo wa kikombe ulitoka mkali kama wembe, na kila kilichokuwa nyuma, mlango wa nakshi, baiskeli, hata wazee waliokuwa wakicheza bao, kiliyeyuka kama samli juani. Nilimwuliza mbona kamera inaonyesha vistari badala ya namba ya tundu. Akanijibu kwa upole kwamba lenzi nyingi za zamani haziwasiliani na kamera, jambo ambalo ni kweli kabisa, na ndilo lililonimaliza. Pete ya mbele nayo iliandikwa 1:1.4. Nani kati yenu angekataa?

Jumamosi bibi harusi alisimama mita nne kutoka kwangu, na mita tatu nyuma yake kulikuwa na kamba ya nguo ambayo sikuhangaika kuiondoa, nikijua itafifia. Haikufifia. Picha zilipofunguliwa mbele ya familia zote mbili, juu ya bega la binti ilisomeka kanga, herufi kwa herufi: "Mtasema mchana usiku mtalala". Mama wa bwana harusi aliamini kwamba kanga ile ilitundikwa kwa ajili yake, na fedha zangu zilizobaki sijalipwa hadi leo.

Usiku ule niliipima kwa rula. Namba ya tundu ni urefu wa fokasi (hizo milimita 50) ukigawanywa kwa upana wa tundu, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 yenye 1.4, ukiitazama kwa mbele ikiwa imefunguliwa yote, inapaswa kuonyesha tundu la karibu milimita 36. Yangu ilionyesha 14, yaani 3.5. Ni lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, iliyobandikwa pete ya lenzi nyingine, na kikombe kilimalizia kazi, maana ukisogea karibu kiasi kile hata tundu dogo hufifisha nyuma.

Siku ya kununua gundi ilionekana pembeni mwa pete, nikadhani ni uchafu. Tena nilipotaka nimpige picha muuzaji mwenyewe akiwa amesimama mbali kidogo, alikataa, akasema hapendi picha. Mfanyabiashara wa kamera asiyependa picha!

Mtu huyu akamatwe, arudishe fedha za kila aliyemwibia, na akasimame mwenyewe mbele ya mama yule kueleza habari ya kanga. Ninasikia sasa anatembeza ya milimita 85 anayodai ni 1.8. Tundu lake likiwa chini ya milimita 47, msimlipe. Mshikeni hapo hapo kwa mazungumzo, mmoja wenu aende kumwita mwenyekiti wa mtaa, nami nitakuja na rula yangu.