Ngome ya Daulatabad, India: dereva akikwambia saa moja inatosha, kataa

Nasoma Pune, na likizo ya Diwali nilipanda basi la usiku hadi Aurangabad. Siku hizi jina rasmi ni Chhatrapati Sambhajinagar, ila konda alikuwa anaita kwa jina la zamani tu. Nilifuata mapango ya Ellora. Ngome niliichukulia kama sehemu ya kupitia, maana iko njiani, kama kilomita 15 kutoka mjini. Mapango ni mazuri, sikatai. Ila ninayoisimulia mpaka leo ni ngome.

Malalamiko kwanza. Nilikodi bajaji ya kutwa, na dereva akasema, "Ngome saa moja inatosha, bhai." Haitoshi hata kidogo. Kupanda peke yake, kwa mtu asiyekimbizwa, saa hiyo inaisha. Niliposhuka kanuna, na jioni akadai rupia 200 juu ya bei tuliyopatana. Tiketi nayo: Mhindi rupia 25, mgeni 300. Kitambulisho changu cha chuo hakikunisaidia kitu.

Milango ya kuingilia ina miiba ya chuma, ili tembo wa vita wasiibomoe kwa vichwa. Mbele kidogo unakutana na Chand Minar. Chand ni mwezi, minar ni mnara wetu huu huu, nikajiona Kihindi nimeshakimaliza. Halafu nikafika kwenye jumba la Chini Mahal, ambalo wala haliko chini! Chini hapo ni ya Uchina, kwa sababu ya vigae vya buluu vilivyolipamba. Vimebaki vichache ukutani. Ndimo Aurangzeb, mfalme wa Wamughal waliotawala sehemu kubwa ya India, alimofungia Abul Hasan, mfalme wa mwisho wa ufalme wa Golconda, baada ya kumteka mwaka 1687.

Kutoka hapo ndipo unaelewa kwa nini kila mtawala aliitaka ngome hii. Kilima chenyewe wamekichonga. Ubavu wa chini umekatwa wima kama ukuta wa ghorofa, umezungukwa na handaki lililochimbwa kwenye mwamba, na unavuka kwa daraja moja jembamba. Ukishavuka, unamezwa na Andheri, yaani giza: njia ya ngazi ndani ya mwamba.

Nilimlipa mzee mmoja mwenye tochi. Ngazi za mle hazilingani: moja ya kidole, inayofuata inakufika gotini. Kinyesi cha popo kinanuka mpaka machozi. Katikati mzee akazima tochi, akaniambia nitembee. Nikapiga hatua moja, ya pili mguu ukagoma. Akanishika kiwiko, akawasha: mbele yangu kuna uwazi. Kwa maelezo yake, adui alikuwa anaukimbilia mwanga uliopenya kwenye uwazi ule akidhani ni mlango, anaishia handakini. Waliobaki waliwashiwa moto kwenye mfuniko wa chuma huko juu, moshi ukajaa humu ndani. Nilitoka nimelowa jasho, na halikuwa la joto.

Karibu na kilele kuna jumba la Baradari na upepo mtamu. Ukiangalia chini unajiuliza Sultani Muhammad bin Tughluq alikuwa anawaza nini mwaka 1327 alipohamishia hapa makao makuu kutoka Delhi, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, naye alifika, yule yule aliyepita kwetu Kilwa mwaka 1331. Katika safari zake ametaja gereza la ngome hii lenye panya wakubwa kuliko paka. Mimi sikuwaona. Niliona nyani wenye nyuso nyeusi, na mmoja alinipora biskuti pakiti nzima mchana kweupe. Chakula kiweke ndani ya begi, na maji beba ya kutosha tangu chini.

Kwa ngome yenyewe natoa nyota tano. Kwa namna nilivyoiona, tatu. Kwenye kurudi nilimwomba dereva anipitishe Khuldabad, jirani tu, kwenye kaburi la Malik Ambar: Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo, akaja kuwa waziri mkuu wa usultani wa Ahmadnagar aliyewasumbua Wamughal kutokea Daulatabad hadi alipofariki mwaka 1626. Dereva akasema huko hakuna kitu, akakanyaga mafuta. Mwezi ujao narudi, safari hii kwa basi la serikali la kwenda Ellora. Linapita mlangoni mwa ngome, na halimnunii mtu.