Bivi nyepesi kwa milima ya ukungu: niliyobaki nayo na nilizoziacha

Nianze na uzito, kwa kuwa kila anayeniuliza kuhusu bivi huanzia hapo. Hema la mtu mmoja la bei ya kawaida lina kilo moja na nusu hivi. Bivi, ule mfuko wa nje unaoingiza ndani yake mfuko wako wa kulalia pamoja na kigodoro, inaweza kuwa nusu kilo, nyingine hata robo kilo. Mtu akishaiona tofauti hiyo anafunga mjadala. Mimi naufungua tena, kwa sababu uzito wa kwenye lebo sio utakaoubeba mlimani. Utabeba bivi pamoja na kila kitu ambacho bivi hiyo inakulazimisha uwe nacho ili uamke mkavu.

Kazi yangu ni kuongoza wageni Kilimanjaro, na huko bivi haina nafasi: kambi zimepangwa, watu wanalala hemani, na taratibu za hifadhi zinajulikana. Bivi ni ya safari zangu mwenyewe, ninapopata siku chache kati ya kundi moja na jingine. Hapo naenda Upareni, kwenye msitu wa Chome hadi kilele cha Shengena chenye mita 2,462, au Usambara Magharibi, kutoka Lushoto kupitia Magamba kuelekea Mtae. Hii ni milima inayopokea upepo wa Bahari ya Hindi. Unyevu unatoka baharini, unapanda mteremko, unapoa, unakuwa ukungu, na ukungu wenyewe unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi. Mwezi wa saba usiku unaiona pumzi yako mbele ya tochi. Yote nitakayosema yametoka huko. Anayelala kwenye bivi katika jangwa la Arizona atakwambia mambo mengine kabisa, na kwa jangwa lake atakuwa anasema kweli.

Ule mfuko wa dharura unaong'aa, wa plastiki iliyopakwa alumini, tuumalize haraka. Una gramu mia na kidogo, unatoshea kiganjani, na kila mwongozaji anapaswa kuwa nao begini. Mimi ninao siku zote. Lakini kuulalia kwa hiari yako ni kujitesa: plastiki haipitishi mvuke hata kidogo, jasho lote unabaki nalo. Kazi yake ni kumfunika aliyeteguka mguu wakati mnasubiri machela. Wauzaji wa mtandaoni wanaouweka kundi moja na bivi za kulalia wanamkosea mnunuzi. Kampuni ya SOL ina mfuko mwingine unaoitwa Escape, wa gramu 240 hivi, ambao kitambaa chake kinaruhusu mvuke kutoka. Huo nauheshimu. Kwa mtu anayetaka kitu cha dharura kitakachomvusha usiku mmoja bila kumlowesha chapachapa, ni chaguo zuri.

Kisha kuna bivi za jeshi la Uingereza, za Gore-Tex, kitambaa chenye utando usiopitisha maji, zinazouzwa kama masalio. Ni imara, ni pana, unaingia na kigodoro chako bila kubanwa, na bei yake huwa ndogo ukilinganisha na za dukani. Uzito wake ni gramu 800 na zaidi, kwa hiyo neno "nyepesi" tuliweke kando. Ila kwa sisi wa Tanzania kuna jambo zito kuliko gramu: nyingi zina mabaka ya kijeshi. Raia haruhusiwi kuwa na mavazi ya jeshi wala yanayofanana nayo, na Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba watu wayasalimishe. Utasema bivi si vazi. Kajieleze basi kwenye kizuizi cha barabarani pale Same, usiku, begi likiwa limemwagwa chini. Zipo za kijani kitupu zisizo na mabaka. Rafiki yangu wa Arusha anayo moja na inamtumikia vizuri. Ya mabaka, hata ukipewa bure, iache.

Sasa tuje kwenye ile inayowavutia wengi. Ina fimbo nyembamba inayoinua kitambaa juu ya uso, ina neti ya wadudu, ina zipu, na juu ina utando usiopitisha maji. Ukiiona pichani, imewekwa juu ya jabali, jua linachomoza, unatamani uwe humo. Helium ya Outdoor Research ni mfano maarufu: takriban nusu kilo, bei inazidi dola 150 kabla hujafika kwenye usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Mimi niliachiwa na mgeni bivi ya kampuni nyingine yenye muundo wa namna hiyo, ikiwa karibu mpya, na nimeilalia Shengena na Magamba kiasi cha kuifahamu vizuri.

Niseme haki yake kwanza. Mvua haikupenya. Mishono yake imepigwa utepe kwa ndani, zipu ina kifuniko, na hata upepo ulipoisukuma mvua kwa ubavu sikuona tone likiingia. Upepo wenyewe unaishia nje, na joto unalolipata ni la kweli. Kwa mpandaji wa miamba wa Mlima Kenya aliyefikiwa na giza kabla ya kukifikia kile kibanda kidogo alichojenga mpandaji Ian Howell mwaka 1970 juu ya kilele cha Nelion, bivi ya aina hii ni uhai. Pale hakuna mahali pa kusimamisha hema, hewa ni kavu zaidi, na anachohitaji ni kutoganda mpaka kuche.

Upareni hali ni nyingine. Niliamka mfuko wa kulalia umelowa kuanzia nyayo hadi magotini, na nilipopitisha kidole kwenye kitambaa kwa ndani, maji yalichuruzika hadi kiwikoni. Usiku ule haikunyesha. Maji yote yalikuwa yangu.

Sababu yake inafaa kueleweka kabla mtu hajatoa pesa. Utando wa jamii ya Gore-Tex ulianza mwaka 1969, Bob Gore alipogundua kwamba plastiki iitwayo PTFE ikivutwa kwa ghafla inatanuka na kujaa vitundu vidogo mno. Tone la maji haliwezi kupita humo, mvuke unapita. Lakini mvuke unahitaji kusukumwa, na kinachousukuma ni tofauti kati ya ndani na nje: ndani kuwe na joto na unyevu mwingi, nje kuwe pakavu. Ukungu ukishatua juu ya kilele, hewa ya nje imekwisha shiba maji. Msukumo unafifia. Mvuke wa mwili wako unakutana na kitambaa kilichopoa kwa baridi ya usiku, unageuka maji papo hapo, na maji hayo yanakuwa na njia moja tu, kurudi kwenye mfuko wa kulalia. Ukiwa na mfuko wa manyoya ya bata, manyoya yanashikana na joto linaondoka. Usiku wa kwanza utavumilia. Usiku wa pili, kama hukupata jua la kuanikia mchana, unaanza kutetemeka saa nane. Na ukivuta pumzi ndani ya bivi kwa sababu pua imepata baridi, unaongeza maji kwa mkono wako mwenyewe. Pua na mdomo vibaki nje hata kama inauma.

Jambo la pili halionekani dukani hata kidogo: huwezi kukaa. Mvua ya Usambara ikianza jioni inaweza isikatike hadi alfajiri. Saa zote hizo umelala chali. Hupiki. Hubadilishi soksi. Ukitaka kitu begini inabidi ufungue zipu, na zipu ikifunguka mvua imeshaingia. Kuwasha jiko humo ndani mtu asithubutu, maana hewa ya kaboni monoksaidi inaua bila harufu. Kwa hiyo, baada ya usiku wa namna hiyo, kila mtu ninayemjua anayetumia bivi hizi huku kwetu huishia kubeba turubai la kufunga juu yake. Nusu kilo imekuwa kilo kasoro kidogo, na bado unalala ndani ya kitambaa kinachokulowesha.

Kama turubai halikwepeki, basi liachiwe turubai kazi ya kuzuia mvua, na bivi ifanye kazi nyingine. Hapo ndipo nilipotulia. Ninayoipendekeza ni bivi ya kitambaa cha juu kinachopumua, naloni nyembamba sana isiyo na utando, chini sakafu isiyopitisha maji, usoni neti. Mvua ya moja kwa moja itaipenya, ndiyo. Lakini umande, matone yanayorushwa na upepo pembeni mwa turubai, na upepo wenyewe, hivyo inavizuia, na mvuke wako unatoka. Borah Gear ya Marekani hutengeneza za namna hii zenye uzito usiofika gramu 250, na kwa aliye na ndugu huko wa kumletea mkononi, nasema anunue bila wasiwasi.

Yangu imeshonwa Moshi. Kitambaa cha juu nilikipata soko la Memorial: ganda la mfuko wa kulalia uliokwisha kabisa, pamba za ndani zimekufa lakini naloni yake bado inakataa matone. Sakafu imetoka kwenye hema lililochanika kazini. Neti ni chandarua cha kawaida kisichotiwa dawa. Fundi wangu ni mama mtu mzima ambaye kazi yake ya kila siku ni sare za shule, na aliielewa haraka kuliko nilivyoweza kueleza. "Mwanangu, hii neti tusiikaze," aliniambia, "ikikazwa itavuta mshono wa naloni, naloni ndiyo itakayochanika." Akaiacha ilegee, akapinda ukingo mara mbili, akatumia uzi wa polista badala ya pamba. Mshono wake umekwenda Chome, Magamba na Shume, na haujafunguka hata sehemu moja. Mizani ya dukani ilisoma gramu 340. Turubai la naloni yenye silikoni, mita mbili kwa tatu, lina gramu 300 hivi, kamba na pegi gramu 100. Nalisimamisha kwa fimbo zangu za kutembelea. Jumla haifiki gramu 750, yaani nusu ya lile hema, na chini ya turubai hilo nakaa kitako, napika uji, namkaribisha mwenzangu akinyeshewa.

Turubai lina faida nyingine ambayo sikuisoma kwenye tangazo lolote. Usiku wenye nyota, kitu kilichoachwa wazi kinapoteza joto kuelekea angani na umande unakijia wa kwanza. Ukiwa umefunikwa kwa juu, hata na kitambaa chembamba, umande unatua kwenye turubai na bivi inabaki kavu. Tawi la mti linasaidia pia. Mahali pa kulala penyewe pachague begani mwa mlima, usishuke bondeni karibu na kijito. Hewa baridi hutiririka usiku na kutuama chini.

Kuhusu neti, wapo wanaoiondoa ili kupunguza gramu. Sikubaliani nao kabisa. Milima ya Pare na Usambara ina siafu. Msafara ukikatiza kwenye turubai lako saa tisa usiku, kinachokutenganisha nao ni neti nzima na zipu iliyofungwa hadi mwisho. Kabla ya kununua, ivute zipu kwa mkono mmoja ukiwa umelala; kama inakwama kwenye kona, itakwama zaidi gizani. Na isiwe na tundu pale zipu inapoishia. Bivi nyingi nilizozishika zina uwazi wa upana wa kidole mahali hapo, na siafu hahitaji zaidi.

Vipimo navyo vitazamwe kwa makini. Bivi nyembamba inaukandamiza mfuko wa kulalia, na mfuko uliokandamizwa hautunzi joto hata kama uliununua kwa pesa nyingi. Lala ndani yake ukiwa na kigodoro, kunja magoti, geuka ubavu. Miguu ikigusa mwisho, chukua ndefu zaidi. Sehemu hiyo ndiyo inayolowa kwanza. Rangi nachagua ya kuonekana, chungwa au njano, kwa kuwa katika ukungu wa Shengena mtu wa hatua ishirini anapotea machoni, na wenzangu wanapaswa kuniona.

Anayepanga kulala Chome au Magamba apitie kwanza ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, akate kibali, kisha achukue mtu wa kijiji anayeijua njia. Kuhusu pesa, kama mwaka huu unaweza kununua kitu kimoja tu, nunua turubai, tena zuri, lenye pembe zilizoimarishwa. Chini yake unaweza kulala na nailoni ya shambani na chandarua kwa msimu mzima wakati fundi wako anaendelea na bivi. Ukianza na bivi peke yake, mvua ya kwanza ya vuli itakurudisha dukani.