Eafraya baada ya mwaka mmoja jikoni: nani anunue, nani asubiri

Mdogo wangu anayefanya kazi Morogoro alinipigia simu mwisho wa mwezi akitaka neno moja tu: "Dada, ninunue eafraya au nisinunue?" Neno moja nilishindwa kumpa. Mashine hiyo ninayo hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya mwaka sasa, naitumia karibu kila siku, na bado kuna wiki ambazo ningemshauri jirani aende Kariakoo leo leo akainunue, na wiki nyingine ambazo ningemwambia fedha hizo azijazie mtungi wa gesi. Haya ninayoyaandika ndiyo majibu ambayo hayakuenea kwenye simu.

Jina la mashine ndilo linalowapoteza wanunuzi wengi. Tangu Philips walipozindua Airfryer yao, yaani kikaangio cha hewa, mwaka 2010, mashine zote za namna hiyo, ziwe za kampuni gani, zimebaki kuitwa vikaangio, ilhali ndani yake hakuna kinachokaangwa. Kilichomo ni koili ya umeme juu, feni inayozunguka kwa kasi, na kikapu chenye matundu chini. Feni huisukuma hewa ya moto ikapita kila upande wa chakula, ikakikausha nje na kukipa rangi ya kahawia. Ni oveni ndogo yenye upepo mkali, basi. Anayeinunua kama oveni ndogo hupata alichokifuata, na anayeinunua ili aipumzishe karai yake hukaa nayo wiki tatu, kisha huirudisha kwenye boksi na kuipandisha juu ya kabati.

Nianze na chipsi, kwa kuwa ndizo zinazoiuza mashine hii. Siku ya kwanza nilimenya viazi, nikavisuuza mara moja, nikakijaza kikapu hadi juu, nikaweka nyuzi 200 kwa dakika 15 kama kijitabu kilivyoelekeza. Vya juu vilikauka kama makoko, vya katikati vilikuwa laini kama vya kuchemsha, na vya chini vilishikana nikavibandua kwa mwiko. Kosa lilikuwa langu zaidi kuliko la mashine. Sasa napika nusu kilo tu kwa mkupuo mmoja, viazi nimevikata kwa unene wa kidole cha mwisho, nikaviloweka nusu saa hadi maji yakawa meupe kwa wanga, nikayamwaga na kuvisuuza tena, kisha nikavitandaza juu ya kitambaa safi na kuvifuta mpaka visiwe na unyevu kabisa. Hapo ndipo ninapotia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, nikavichanganya kwa mkono ndani ya bakuli hadi kila kipande king'ae. Chumvi husubiri mwisho. Huanza na nyuzi 160 kwa dakika 12 ili viive ndani, kisha napandisha hadi 200 kwa dakika nane au kumi, nikikitikisa kikapu mara mbili au tatu. Vikiwa tayari huhitaji hata kuvitazama: ukitikisa, vipande hugonga ukuta wa kikapu kwa mlio mkavu, kama njugu zinazopepetwa kwenye ungo.

Kuloweka huko kuna faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Chakula chenye wanga kikipikwa katika joto linalopita nyuzi 120 hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, na huzidi kadiri chakula kinavyokolea weusi, ambapo kuloweka viazi vibichi huipunguza. Kwa hiyo ni kweli kwamba chipsi hizi zina mafuta machache sana kuliko zilizozama kwenye karai, lakini ukiziacha hadi ziungue umeondoa tatizo moja na kujiletea jingine. Mimi huzitoa zikiwa na rangi ya dhahabu. Kuhusu utamu wake, niseme kwa haki: ni nzuri, watoto wanazigombania, ila mtu aliyezoea chipsi za kibandani atajua tofauti kwenye kipande cha kwanza.

Mahali ambapo mashine hii imenishangaza ni kwenye kuku na samaki. Vipande vya kuku wa kisasa vilivyolala usiku kucha kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu huiva kwa nyuzi 180 katika dakika 25 hivi, ukivigeuza katikati, na ngozi yake hutoka kavu yenye kuvunjika menoni bila tone la mafuta ya kuongeza, kwa kuwa kuku hujikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Usitegemee rangi ya nje. Choma kisu karibu na mfupa uone maji yanayotoka hayana wekundu, na kama una kipimajoto, ndani pasipungue nyuzi 74. Mafuta yanayodondoka chini hufuka moshi, nami hutia vijiko viwili vitatu vya maji chini ya kikapu kabla sijaanza. Kuku wa kienyeji ni habari nyingine: mchemshe kwanza, la sivyo utapata ngozi iliyoiva juu ya nyama inayovutana na meno. Kibua, kwa sababu ana mafuta yake, hutoka vizuri kuliko samaki mwingine yeyote niliyemjaribu, na sato huingia ukimkata mkia. Ndizi mzuzu zilizoiva, mihogo iliyochemshwa nusu, chapati ya jana inayohitaji dakika mbili tu, karanga za kusindikizia chai ya jioni: vyote hivyo mashine huvifanya bila kukusumbua. Sambusa nazo hukubali, mradi uzipake mafuta kwa brashi pande zote, maana manda isiyopakwa hukauka nyeupe na kupasuka kama karatasi.

Karai bado iko ukutani, na sababu yake niliiona mwezi wa Ramadhani mama mkwe alipokuja kutoka Tanga. Nilitaka kumwonyesha. Nikakoroga unga wa dengu, nikachovya viazi, nikavipanga kwenye kikapu kama bhajia za kawaida. Rojo lote likachuruzika kupitia matundu, likaganda chini kama chapati moja kubwa, na viazi vikabaki uchi. Alisimama pale akisikiliza feni inavyovuma, akauliza kwa upole: "Mwanangu, hiki kinapika au kinapepea?" Jioni ile kaimati alizikaanga mwenyewe, kwenye karai. Alikuwa na haki, kwa sababu chochote chenye rojo jepesi kinahitaji mafuta ya moto yakigandishe papo hapo, na hewa haiwezi kazi hiyo. Bhajia, kaimati na vitumbua visahau. Maandazi yataiva, lakini utakula skonzi. Mishkaki huiva pia, kama vijiti vyako ni vifupi vya kuenea, ila harufu ya mkaa ndiyo nusu ya mshikaki, na harufu hiyo haitoki kwenye soketi.

Upepo wenyewe una hila zake. Niliwahi kutandika karatasi ya kuokea ndani ya kikapu kitupu nikiiacha mashine ipate moto kwanza, karatasi ikapeperuka ikagota kwenye koili, na jiko likajaa moshi kabla sijafikia swichi. Karatasi iwekwe pamoja na chakula kinachoikandamiza, isiachwe peke yake. Vivyo hivyo dagaa wakavu na majani ya mboga hurukaruka humo ndani hadi juu, wakaungua.

Sasa umeme, ambao ndio swali la kwanza la kila anayeniuliza. Yangu ni ya wati 1,500. Dakika 20 za mashine hiyo ni nusu uniti (uniti ni kilowati-saa moja), tena nusu uniti ni kiwango cha juu, kwa sababu koili hujizima na kujiwasha joto likishafika. Kwa mteja wa TANESCO, shirika letu la umeme, aliye kwenye daraja la T1 la matumizi ya kawaida, ambapo uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo na hukaribia 356 zikijumlishwa, mpiko mmoja hauzidi shilingi 180. Hesabu hiyo hainitishi, hasa nikikumbuka kwamba lita ya mafuta niliyokuwa nikiimaliza kwa wiki sasa inanifikisha karibu na mwisho wa mwezi. Lakini aliye kwenye daraja la D1, la matumizi madogo, apige hesabu kwa utaratibu zaidi. Yeye hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, kila uniti ya ziada ni 350. Mwenye taa, televisheni na friji dogo anayetumia uniti 55, akianza kupika mara mbili kwa siku na mashine hii, anaweza kuongeza uniti 30, na hapo amevuka. Kwake gharama halisi ya eafraya haipo kwenye bei ya dukani; ipo kwenye kupoteza ile bei nafuu ya uniti.

Kuhusu waya, nisikilizwe vizuri, kwa kuwa nililipia somo hili. Wati 1,500 kwenye volti 230 ni zaidi ya ampea sita zinazopita mfululizo, na ekstensheni nyembamba za bei rahisi hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Yangu ilianza kunuka plastiki wiki ya pili, na nilipochomoa plagi nikakuta upande mmoja wa tundu umeyeyuka. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, na hapo pasiwe na pasi wala birika la umeme kwa wakati huo huo. Iache pia nafasi nyuma, kiasi cha kiganja, kwa sababu hewa ya moto hutokea huko.

Jambo linalofanana na hilo ni mashine za kuletewa na ndugu. Iliyonunuliwa Dubai au Muscat huja na volti 220 hadi 240 na plagi ya miguu mitatu ya bapa kama yetu, kwa hiyo unachomeka tu. Iliyonunuliwa Marekani ni ya volti 120, na kuichomeka hapa ni kuichoma. Transfoma ya kuihudumia, yenye uwezo wa kupita wati 1,500, ni nzito na bei yake inaweza kukununulia mashine nyingine. Shangazi aliyeko kule umshukuru, halafu umwombe kwa adabu alete viatu.

Dukani, usidanganywe na lita. Lita zinazoandikwa kwenye boksi ni za bakuli lililojaa hadi ukingoni, wakati chakula hiki kinapaswa kutandazwa, hivyo upana wa sakafu ya kikapu ndio wa kupima. Yangu inaitwa ya lita tano, na kwa watu sita wa nyumba yangu napika mikupuo mitatu. Wa kwanza ameshamaliza kula wa mwisho akiwa bado anasubiri. Kwa mtu mmoja hadi watatu, lita nne zinatosha. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, usikilize feni kama inakwaruza, uvute kikapu na kukirudisha mara kadhaa uone kama kinakaa sawasawa, na uulize kabisa kama kikapu cha akiba kinapatikana, kwa kuwa kikapu ndicho kinachokufa kabla ya mashine.

Halafu kuna suala la vitufe vya kugusa na saa ya kuzungusha. Zenye kioo cha kugusa zinapendeza, ila umeme ukikatika husahau kila kitu na kukusubiri uanze upya. Zenye saa ya kuzungusha huendelea kuhesabu hata umeme usipokuwapo, na kengele hulia kama kawaida. Nilishawahi kuandaa meza kwa kengele hiyo na kufungua kuku aliye baridi, kumbe LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, ilikuwa imeisha dakika kumi nyuma. Hata hivyo ningechagua tena ya kuzungusha, maana fundi yeyote wa mtaani anaweza kuifungua.

Usafi hauna maneno mengi: ipoe, maji ya uvuguvugu, sabuni, sponji laini. Stilwaya ikigusa kikapu hicho mara tatu, utando wake unaanza kubanduka na kila kitu kitanata. Kila baada ya wiki kadhaa, ikiwa imechomolewa na imepoa, ipindue ufute koili kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwa sababu mafuta yaliyorukia huko ndiyo yanayoleta ule moshi ambao watu hudhani mashine imeharibika.

Nikarudi kwa mdogo wangu. Anaishi peke yake, hapendi kusimama jikoni, anakula kuku mara tatu kwa wiki: kwa hesabu hizo angekuwa mnunuzi niliyemtafuta. Nikamuuliza mita ya umeme ni ya nani. Akanijibu kwamba wapangaji wanne wanachangia LUKU moja, kila mmoja elfu kumi. Nikamwambia asubiri. Mashine ya wati 1,500 kwenye mita ya kuchangia itajulikana na nyumba nzima kabla ya wiki kuisha, na mama wa chumba cha mbele, ambaye ana taa moja na redio, atakuwa wa kwanza kuuliza. Anahamia chumba chenye mita yake mwezi wa pili, na tumekubaliana kwamba siku hiyo nitampelekea kijiko cha kupimia mafuta.