ImgBurn: nakala za DVD ya harusi zinazokubali kwenye deki

Kwa yeyote mwenye DVD ya harusi, ya kwanjula (sherehe ya kutambulisha wachumba) au ya arobaini ya mzee, na anaogopa siku itakapokwaruzika, napendekeza ImgBurn bila kusita. Ni programu ya bure ya Windows. Toleo lake la 2.5.8.0 ni la mwaka 2013 na hadi leo linanifanyia kazi vizuri.

Kwetu Bombo, Uganda, mama hatazami kitu kwenye simu. Akitaka kuiona harusi ya dada yangu anawasha deki (mashine ya kuchezea DVD), na majirani wanaingia kutazama doluka, ngoma yetu ya Kinubi. Diski moja inayotolewa na kurudishwa kila mara haiwezi kudumu, na mashangazi wa Arua na wa Kibera, Nairobi, nao wanadai yao.

Tulianza kwa kumpa kazi fundi mmoja mjini. Nakala yake ilicheza kwenye kompyuta, lakini deki ikagoma kabisa. Nilipoifungua nikaona sababu: alikuwa amezikokota faili na kuzichoma (kuziandika kwenye diski) kama mtu anayehifadhi picha au barua. DVD ya video haiendi hivyo. Ina folda ya VIDEO_TS, na ndani yake kuna faili za IFO, BUP na VOB ambazo deki inazitafuta kwa mpangilio maalumu. Kompyuta inavumilia mpangilio ukivurugika, deki ya sebuleni haivumilii.

ImgBurn inaikwepa shida hiyo kwa sababu inasoma diski nzima na kuiweka kwenye kompyuta kama faili moja ya ISO, menyu na sehemu zote za video zikiwa zilivyo. Kutoka hapo unaweka diski tupu na kuichoma faili ile ile. Ubora haupungui hata kidogo, maana hakuna kinachobanwa. Hilo ndilo linalonifurahisha zaidi: sura ya bibi, ambaye sasa ni marehemu, inaonekana safi kama kwenye diski ya mpiga video.

Diski tupu zina maneno yake. Nanunua DVD-R, kwa kuwa deki nyingi za zamani zinaielewa kuliko DVD+R. Kwenye boksi imeandikwa GB 4.7 na kompyuta itakuonyesha kama 4.38, hujaibiwa, kiwanda kinahesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024. Zile za bei ya chini sana zisizo na jina naziacha dukani. Diski ya kuchoma hutunza picha kwenye rangi inayobadilishwa na leza, na rangi duni hufifia mapema, hasa ikiachwa juani dirishani. Stika pia usibandike: diski inapoteza mizani na deki inaanza kutetemeka. Andika kwa kalamu laini ya wino.

Kasi naiweka 4x. Diski iliyojaa inachukua kama robo saa, na deki kongwe ya mama inazisoma diski zilizochomwa polepole hivi vizuri kuliko zile za kasi kubwa. Kisha naacha alama ya uhakiki (Verify) palepale ilipo, ili programu isome upya diski nzima na kuilinganisha na faili kabla sijaitia kwenye bahasha ya basi la Arua. Tumia laptopu yenye betri nzima. Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, DVD-R hiyo haina tena kazi, kwa kuwa inaandikwa mara moja tu.

Filamu za dukani ni habari nyingine. Nyingi zina CSS, yaani kinga ya kuzuia kunakili, na ImgBurn ikiigundua haikubali kunakili. Mimi naona ni sawa. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya 2006, na waigizaji wetu wanakula kutokana na diski hizo. Harusi yetu tuliilipia wenyewe, na mpiga video alituruhusu kuigawa kwa ndugu.

Wakati wa kusakinisha soma kila dirisha kabla ya kubonyeza, kwani kisakinishi chake kimewahi kuja na programu ya matangazo ndani yake. Na kwa kuwa laptopu nyingi za sasa hazina mlango wa diski, utahitaji draivu ya nje ya USB. Faili ya ISO usiifute ukimaliza. Iweke kwenye diski kuu (hard disk) ya nje, na shangazi mwingine akiomba yake, unachoma tu.